Gauni la Springi

Mahali penyewe ni pembe ya mtaa, pale barabara ya lami inapokutana na kichochoro cha mafundi, na ukipita asubuhi yoyote utawakuta watu wa kijiwe. Wamekalia kochi la watu watatu, la kitambaa cha rangi ya udongo, ambalo mteja mmoja aliliagiza, akahama mji, asirudi kulichukua. Fundi aliyelitengeneza alilivumilia mpaka likamzibia njia karakanani, ndipo akalisukuma nje kibarazani, na tangu siku hiyo likawa la wote. Lina springi za kweli ndani, si sponji tupu, kwa hiyo mtu akijitupa upande mmoja, aliye upande wa pili hupanda juu kidogo, na ubishi mwingi wa pale umeamuliwa kwa njia hiyo. Mlango unaotazamana na kochi ni wa fundi cherehani ambaye jina lake la kuzaliwa limewatoka watu vichwani. Wanamwita Bi Mkasi. Wageni wanadhani ni kwa sababu ya kazi. Waliowahi kubishana naye wanajua ni kwa sababu ya ulimi.

Jumamosi hiyo Bi Mkasi alifungua mapema, akaivisha sanamu gauni alilolimaliza jana yake, akarudi nyuma, akalitazama kama unavyomtazama mgeni aliyekaa sebuleni tangu alfajiri na hataki kusema shida yake. Lilikuwa gauni la pamba nyepesi, rangi ya siagi, mikono imejaa kama imepulizwa, kiuno kimetulia, sketi imemwagika mpaka chini ya magoti. Hapakuwa na mshono uliokwenda upande. Lakini gauni lilipungukiwa na kitu, na kitu chenyewe hakukijua.

Wiki iliyotangulia, mwenye duka la nguo la barabara kuu, lile lenye dirisha la kioo kutoka sakafuni mpaka darini, alileta sketi iliyokufa zipu. Alipokuja kuichukua aliitazama zipu mpya, akaigeuza sketi nje ndani, akaitazama tena. Kisha akasema, "Nishonee gauni moja. Kitu cha springi. Nikilipenda nitaliweka dirishani. Nitapita Jumamosi." Akamtumia kwenye simu video ya maonyesho ya mitindo ya huko mbali, ili aone upepo unaelekea wapi.

Bi Mkasi alijibu neno moja tu: "Nimeelewa."

Hakuwa ameelewa. Lakini mtu ambaye kazi hakufundishwa na yeyote, aliyejifunza kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona upya mpaka mkono ukazoea, hapendi kuuliza. Akiuliza anajihisi kama amevuliwa viatu hadharani. Na jambo lenyewe halikuwa dogo. Maisha yake yote kibarazani pale yalikuwa zipu na viraka, kupunguza suruali za waliokonda na kuongeza magauni ya walionenepa. Nguo aliyoibuni mwenyewe haijawahi kusimama mahali watu wakapunguza mwendo kuitazama. Kila jioni alipita mbele ya dirisha lile akienda kwake, akajifanya anatazama kivuli chake kwenye kioo.

Ndiyo maana asubuhi hiyo alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alitoka na simu mkononi, akaenda kusimama mbele ya kochi.

Walikuwepo kama kawaida yao. Katikati alikaa Sponji, fundi makochi mwenyewe, mkimya mpaka achokozwe. Kulia kwake Mzee Tai, karani mstaafu, ambaye ofisi ilimuaga siku nyingi lakini tai haijamwacha shingoni hata siku moja. Kushoto Breki, makanika, aliyekalia gazeti kwa amri ya Sponji, maana ovaroli yake ilikuwa na grisi nyingi kuliko kitambaa. Na mbele yao, juu ya ndoo iliyopinduliwa, Birika muuza kahawa, kijana wa maneno mengi na vikombe vichache.

Birika alimmiminia Bi Mkasi kabla hajafungua mdomo. Kikombe cha kwanza kila asubuhi kilikuwa chake. Hakuna aliyewahi kupanga hivyo, na yeye hajawahi kukisifu.

– Leo imeungua, alisema Bi Mkasi.

– Asante na wewe, mama, alijibu Birika.

– Nina swali.

Breki alitazama angani kama anayesubiri kitu kianguke.

– Wewe? aliuliza Sponji.

– Mimi. Na mtu akicheka naondoka.

– Nani amecheka?

– Mdomo wako umecheka upande mmoja.

– Uliza, mwanangu, alisema Mzee Tai, akiinyoosha tai yake. Ndiyo kazi yetu hapa.

Bi Mkasi alimeza kahawa, akameza na mate.

– Nguo ya springi ni nguo gani?

Hakuna aliyesema hajui. Pale kijiweni neno sijui halijawahi kutumika.

– Kwanza tuone ushahidi, alisema Mzee Tai.

Bi Mkasi akawawekea ile video. Vichwa vinne viliinama juu ya simu. Ndani yake wasichana warefu, wembamba, walikuwa wakitembea kwenye ukumbi mweupe, mmoja nyuma ya mwingine, wakifika mwisho wanageuka na kurudi walikotoka.

– Mbona wote wamenuna? aliuliza Breki.

– Viatu vinabana, alisema Birika.

– Hapana. Nguo si zao, alisema Mzee Tai. Wanajua wakifika nyuma ya pazia wanavuliwa. Hata mimi ningenuna.

– Huyu amelivaa koti au koti limemvaa? aliuliza Sponji. Mabega yale nikipewa mimi natoa viti viwili na mto.

– Ndiyo inayokuja, alisema Bi Mkasi. Mabega mapana, mikono ya puto, rangi za siagi. Na vimikoba vidogo.

– Kimkoba kile kinaingia nini?

– Ufunguo.

– Ufunguo wa nini?

– Wa mkoba mkubwa alioacha nyumbani, alisema Birika.

– Na yule suruali yake ina mguu mmoja, alisema Breki.

– Kitambaa kiliwaishia, alisema Mzee Tai.

– Watu wale hawaishiwi kitambaa, mzee. Wameamua.

– Kuna mtu amekaa kitako akaamua mguu mmoja?

– Nimewauliza springi, alisema Bi Mkasi. Sikuwauliza miguu.

Breki alikohoa, akachukua usukani.

– Dada, hili ni jepesi. Springi ni springi. Gari likiingia shimoni, springi inameza kishindo. Basi na nguo ya springi inameza.

– Inameza nini?

– Tumbo. Mtu anakula, nguo inamfuata. Akilala njaa, inarudi.

– Hiyo ni lastiki. Lastiki naijua tangu hujazaliwa.

– Nimekuzidi umri, dada.

– Tangu hujapata akili, basi.

– Nyote mnapotea, alisema Mzee Tai. Springi ni mji. Nilipokuwa ofisini tulipokea bahasha zenye mihuri ya kila upande wa dunia, na huo muhuri nimeuona kwa macho yangu. Ni mji wa washonaji watupu. Kuanzia mkuu wa mji mpaka mzibua mitaro, wote wanashona.

– Na nani anawapikia?

– Wanaletewa kutoka mji wa jirani.

– Na nguo wanamuuzia nani, kama kila mtu anashona?

– Huo huo mji wa jirani, alisema Mzee Tai. Wale wapishi nguo zao huoni zinachakaa?

Birika alishindwa kukaa. Aliinuka na ndoo ikamfuata nusu.

– Mimi nitawaambia, kwa sababu mimi ninafanya kazi na maji. Chupa za maji za dukani zimeandikwaje? Springi. Maana yake chemchemi. Kwa hiyo ni nguo za maji. Sasa tazameni wale wasichana tena, kila nguo inaonyesha ndani. Kwa nini? Kwa sababu maji yanaonyesha ndani. Mtu akichemsha vizuri, kitambaa kinakuwa kama glasi.

– Ndivyo unavyochemsha kahawa yako? aliuliza Bi Mkasi. Mbona haionyeshi ndani?

– Kahawa ina siri, mama.

Bi Mkasi aliitazama barabara. Mwenye duka hakusema saa. Alisema Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa imeshaanza kupata joto. Kitu kilimpanda kifuani, si hasira hasa, ni kile kinachokuja kabla ya hasira. Akanyoosha mkono kuichukua simu yake.

– Rudisha nyuma kidogo, alisema Sponji.

– Nini tena?

– Rudisha. Hapo. Yule wa tatu. Tazama pindo la sketi yake, usitazame kitu kingine.

Wakatazama. Msichana alipiga hatua, sketi ikashuka, kisha pindo likarudi juu, likashuka tena.

– Linarudi, alisema Sponji. Kitambaa peke yake hakirudi. Kitambaa kinaanguka, basi, kimeanguka. Mimi nimekula na springi, nimelala na springi. Kitu kinachorudi nakijua.

Na ili asimwachie mtu shaka, alijinyanyua, akajitupa kwenye kochi kwa uzito wake wote. Upande wa pili Mzee Tai akapanda juu na kikombe chake.

– Umeona?

– Nimeona, alisema Mzee Tai kutoka huko juu.

Bi Mkasi naye aliona. Aliirudisha video tena na tena, na kila mara pindo lilirudi. Sasa alijua gauni lake lilikuwa limekaa vile kwa nini. Lilikuwa limesimama. Zuri, lakini limesimama, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

– Springi ya nguo nitaipata wapi saa hizi? alisema, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. Mwenyewe anakuja leo.

Hawakuzoea kuisikia sauti hiyo. Sponji alitazama kikombe chake, akakimalizia, akakiweka chini.

– Inukeni, aliwaambia wenzake.

– Tuinuke twende wapi? aliuliza Breki.

– Inukeni tu.

Akalipindua kochi, miguu juu. Akatoa kisu cha ngozi kwenye mkanda, akapasua kitambaa cha chini kutoka pembe hadi pembe. Ndani zilionekana springi nene zimepangwa kama vikombe vya Birika, na katikati yao, imezunguka kutoka moja hadi nyingine, springi nyembamba, ndefu, unene wake kama wa penseli.

– Hizi kubwa hazikufai, alimwambia Bi Mkasi. Ukimvika mtu hizi atafika nyumbani kabla ya miguu yake. Ni hii ndogo unayoitaka. Kazi yake ni kuzishika kubwa zisitawanyike. Inapinda unavyotaka, na inarudi.

Akaanza kuizungusha kuitoa, pole pole, kama mtu anayefumua nywele za mtoto asiyetaka kuumizwa. Kochi lilitoa sauti ndefu, kama ya mtu aliyevua mkanda.

Bi Mkasi alisimama juu yake akiwa na maneno mdomoni. Alikumbuka siku aliyofika pale na cherehani kwenye mkokoteni, hana mlango, hana kibaraza. Ni huyu huyu Sponji aliyesogeza magodoro yake akasema, "Kaa hapo, mimi sihitaji upande wote." Cherehani ilipokwama, Breki aliifungua kwa bisibisi za gari akaipaka mafuta ya gari, na mpaka leo inanguruma kama inataka kuondoka. Kibao cha mlangoni, *Tunashona Tunapunguza Tunaongeza*, ni mwandiko wa Mzee Tai, na herufi zake zina mikia kama barua ya serikali. Ukimwondolea kila kitu kilichopita mikononi mwa watu hawa, anabaki na sindano. Hajawahi kuwaambia hivyo. Alitaka kuwaambia sasa hivi.

– Usinikwaruzie sakafu na hicho kisu, alisema.

– Sawa, Bi Mkasi, alisema Sponji.

Wakafanya kazi. Bi Mkasi alifumua pindo, akalishona upya likiwa na mfereji ndani, akaanza kuiingiza ile springi kama unavyoingiza lastiki kwenye kiuno cha sketi. Ilipofika mahali pa kukata, likatakiwa koleo, na koleo ni la Breki, na Breki ana mikono ya Breki.

– Hukisogelei kitambaa changu na mikono hiyo, alisema Bi Mkasi.

– Nitanawa.

– Tangu lini?

Alinawa. Birika alimmiminia maji ya kusuuzia vikombe, Breki akasugua kwa sabuni na mchanga mpaka ikatokea rangi ambayo hata yeye aliitazama mara mbili. Akakata waya, akasugua ncha kwa msasa zisichome mtu, Bi Mkasi akazivika kitambaa na kufunga mshono. Akalirudisha gauni kwenye sanamu. Akaligusa pindo kwa kidole. Likashuka, likarudi.

– Sasa litembee, alisema Mzee Tai.

– Sanamu haitembei, mzee.

– Na bila kutembea utajuaje?

Breki aliondoka, akarudi akiburuta ule ubao wake wa magurudumu anaolalia akiingia chini ya magari. Wakaupangusa, wakaisimamisha sanamu wima juu yake, lakini ilikuwa ya mguu mmoja wa chuma na ilikuwa ikiyumba. Ilihitaji kufungwa.

– Kamba, alisema Sponji.

Hapakuwa na kamba. Walitazama huku na huku. Mzee Tai alitazama nao, kisha akapeleka mkono shingoni. Aliifungua tai pole pole, akaivuta, akampa Sponji bila kumtazama. Hakuna aliyewahi kumwona Mzee Tai bila tai. Shingo yake ilikuwa nyembamba, na ukanda mmoja wa ngozi ulikuwa mweupe kuliko sehemu nyingine, kama mahali palipokuwa na picha ukutani.

– Kaza vizuri, alisema. Ni ya hariri, itashika.

Birika alinyunyiza maji kibarazani kuzuia vumbi. Breki alishika ncha ya ubao, akavuta. Na gauni la rangi ya siagi likaanza safari, kutoka mlango wa Bi Mkasi, mbele ya karakana ya makochi, kuelekea pembe ya barabara, likishuka na kurudi, likishuka na kurudi, kama linacheka na mtu.

– Anakuja sasa, alitangaza Mzee Tai kwa sauti ya ofisini, moja kwa moja kutoka mji wa Springi, mabega mapana, mkoba ameusahau.

– Na hajanuna, alisema Birika.

Watu wawili watatu walisimama. Mwanamke aliyebeba mboga aliteremsha kapu lake. Dereva mmoja alipunguza mwendo mpaka wa nyuma wakampigia honi. Bi Mkasi aliwaona wakilitazama, akaona macho yao yanavyopanda na kushuka pamoja na pindo.

Breki aligeuza ubao pale pembeni, kama wanavyogeuka wale wa kwenye video, akajikuta uso kwa uso na mwenye duka.

Alikuwa mama wa makamo, mtulivu, amebeba mfuko mrefu wa kuwekea nguo. Alimtazama Breki, akaitazama sanamu, akaitazama tai iliyofungwa kwenye mguu wake wa chuma.

– Hili ni nini? aliuliza.

– Gauni lako, alisema Bi Mkasi, akitangulia mbele. La springi.

Yule mama aliinama, akalibonyeza pindo. Pindo likambonyeza na yeye.

– Humu ndani kuna nini?

– Springi.

– Springi ya nini?

– Ya kochi, alisema Sponji, na alisema kwa fahari.

Mwenye duka aliuma mdomo wa chini. Alilitazama kochi lililopinduliwa, miguu juu, tumbo wazi, akaanza kutetemeka mabega kwa kicheko, na ilichukua muda kabla hajaweza kusema.

– Springi ni majira, alisema mwishowe. Huko kwao kuna baridi kali, miti inabaki fito tupu, watu wanavaa makoti mpaka masikioni. Baridi ikiisha miti inachipua, watu wanavua makoti. Hayo ndiyo wanayaita springi. Nguo nyepesi, rangi za maua. Basi.

– Kuchipua, chemchemi, alisema Birika kwa sauti ya chini. Nilikuwa karibu kuliko wote.

– Na sisi baridi hiyo tunayo? aliuliza Breki.

– Hatunayo.

– Kwa hiyo tunavaa majira ya watu.

– Na wenyewe huyaonyesha mapema, alisema mama. Nguo hizi wamezionyesha wakati kwao baridi haijaanza. Wanashona mbele, nusu mwaka.

Bi Mkasi hakuwa akisikia vizuri. Masikio yalimwaka moto. Ulimi wake ulikuwa umeshanolewa, umeshapata njia, na ukageuka kuwatafuta wanne wale. Akawatazama. Mzee Tai alikuwa ameshika kola yake kwa vidole viwili, kuifunika shingo. Breki alikuwa ameinua mikono yake safi mbali na ovaroli, isichafuke. Sponji alikuwa akinyonya kidole kilichokatwa na waya. Birika alikuwa na ndoo tupu ya maji ya vikombe. Ulimi ulisimama. Ukarudi ulikotoka.

– Sikuelewa, alimwambia mwenye duka. Nilikwambia nimeelewa, lakini sikuelewa. Hawa nimewauliza leo, wakanipa walichonacho. Aliyeshona ni mimi. Kama hulitaki sema, nitafumua.

Mama alimgeukia Breki.

– Vuta tena.

Breki akavuta. Gauni likaenda, likashuka, likarudi, mpaka mlangoni, na kurudi tena. Mama alilifuata kwa macho mwendo wote.

– Nguo zangu dirishani, alisema, zimesimama kama zinasubiri kuitwa majina. Nilikuwa nimeanza kudhani ni kosa la kioo.

– Hukunijibu, alisema Bi Mkasi.

– Nimekuja na mfuko, nimekujibu. Na springi yake usiitoe. Chini yake nitaandika *Gauni la Springi*. Anayejua majira atasoma majira, anayejua makochi atasoma makochi, na wote watakuwa wamesoma sawa. Nataka na la pili, rangi uchague mwenyewe. La msimu ambao haujafika.

Bi Mkasi aliitikia kwa kichwa tu, maana mdomo haukuwa wa kuaminika. La msimu ambao haujafika. Yeye ambaye siku zote ameletewa kilichoraruka jana akitengeneze leo.

Waliifungua sanamu, wakalikunja gauni ndani ya mfuko, na lilikataa kulala, likawa linainuka kila likibonyezwa, mpaka mama akaanza kucheka upya akatafuta mahali pa kujishikiza. Sponji, kwa mazoea, aliligeuza kochi, akaliweka sawa, akalipangusa kwa mkono.

– Karibu ukae, mama, upumue.

Mama akakaa. Kochi halikumpokea. Lilimwacha aende, springi nene zikatawanyika huku na huku chini yake, akazama mpaka magoti yakafika kidevuni. Breki na Birika walimvuta kwa mikono miwili miwili. Aliposimama alijipangusa, akalitazama lile shimo, akawatazama wale wanne mmoja mmoja.

– Na nyinyi mtakaa wapi? aliuliza.

Lilikuwa swali dogo. Sponji alibonyeza pembe ya kochi, haikurudi. Mzee Tai alitafuta tai ya kunyoosha. Breki aliliokota gazeti lake pale chini, akaona ni dogo. Asubuhi nzima walikuwa na majibu ya miji na maji na matumbo, na hili halikuwa limempitia yeyote kichwani, hata Bi Mkasi, aliyesimama juu ya lile kochi likipasuliwa akafikiria sakafu yake.

Mama aliaga, akaondoka na mfuko wake. Walimsindikiza kwa macho mpaka akapotea, wamesimama wima kibarazani kama watu waliofika ofisini na kukuta imefungwa.

Bi Mkasi aliingia ndani. Wakasikia kitu kikiburutwa. Akatoka na kiti chake cha cherehani, kile chenye mto alioushona mwenyewe, ambacho mtu akikiegemea tu alikuwa akiitwa majina mpaka ya babu yake. Akalisukuma kochi kando, akakiweka mahali lilipokuwa.

– Kaeni, alisema.

– Nani? aliuliza Breki. Tuko wanne.

– Nimesema kaeni. Sikusema mnibishie.

– Na wewe utashona umekalia nini?

– Miguu ninayo.

Walikitazama kiti, wakatazamana, kisha wote wakamtazama Mzee Tai. Akakaa pembeni kabisa, nusu, akawaachia wengine nafasi ambayo haikuwepo. Sponji akajibandika kwenye ile nusu nyingine. Breki akatandika gazeti chini.

Birika aliinamisha chombo chake juu ya kikombe. Yalitoka mafunda mawili, meusi, mazito, mashapo matupu yaliyokaa juu ya makaa tangu wakati wa mji wa Springi. Alikitazama kikombe, akasita, akampa Bi Mkasi.

– Ndiyo ya mwisho, mama. Hii kweli imeungua.

Bi Mkasi alikipokea kwa mikono miwili. Akanywa yote, na mashapo yake, wanne wale wakimtazama usoni.

– Nzuri, alisema.